Jengo Halilei Mtoto

(Hii ni hotuba ya mjumbe wa Chama kwa wanachama wa Nachingwea na Ruangwa, juu ya fedha za serikali kwa malezi ya watoto wadogo. Tumeichapa yote kwa kuwa jambo lenyewe lahusu kila tawi.)



Nimeombwa niseme juu ya watoto wadogo. Najua wako miongoni mwetu wanaofikiri kwamba hili si jambo la mkutano wa Chama. Kwao, mkutano wa Chama ni wa bei ya korosho, barabara, maji na uchaguzi. Habari za watoto wachanga zisemwe jikoni. Nimekuja kuwaambieni kwamba korosho na mtoto mdogo ni jambo moja, na kwamba mtu asiyeliona la pili hajalielewa la kwanza.

Hebu tutazame mwaka wa mkulima katika wilaya zetu hizi mbili. Shamba la mikorosho hupaliliwa, chini ya miti pakafagiliwa, na miti ikapuliziwa dawa. Korosho zikianza kuanguka, kwa kawaida tangu Oktoba, huokotwa siku kwa siku, kwani korosho iliyolala chini kwenye unyevu huharibika, na iliyoharibika haina bei mnadani. Ufuta nao haungoji mtu. Ukikauka, maganda hupasuka na mbegu humwagika mchangani. Mwenye ufuta akichelewa siku chache amekwisha kupoteza jasho la msimu mzima.

Sasa niulize: katika siku hizo ambazo shamba halingoji, mtoto wa miaka miwili yuko mikononi mwa nani?

Majibu tunayajua, wala hayafiki matano. Yuko mgongoni mwa mama yake, juani na katika vumbi la dawa. Au ameachwa kijijini na bibi yake, ambaye naye ana shamba lake na magoti yake yamekwisha kuchoka. Au ameachwa na dada yake wa miaka minane au tisa, ambaye siku hiyo hakwenda shule. Au ameachwa uani, na jirani ameambiwa, "Mtupie jicho." Huo ndio mpango wetu wa malezi wakati wa mavuno. Haukuandikwa na wizara yo yote, wala haukupitishwa na baraza lo lote, lakini ndio unaotumika.

Mpango huo tunaulipia, ila hatuoni risiti. Mama mwenye mtoto mgongoni huokota kidogo kuliko anavyoweza. Msichana aliyebaki nyumbani huachwa nyuma na wenzake darasani, na mwisho wa mwaka twasema hana akili. Mtoto mdogo hushinda na kiporo cha asubuhi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila watoto 100 wa nchi hii walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, lakini mojawapo ni hii: mtoto mdogo anahitaji kula mara nyingi kwa siku, na kwa siku nyingi za mwaka hakuna mtu mzima wa kumlisha.

NENO LANGU NI MOJA

Ndugu zangu, sitaki kuwachosha kwa maneno mengi. Neno langu ni moja. Tunataka halmashauri zetu za Nachingwea na Ruangwa ziwe na kifungu katika bajeti ya kila mwaka kwa ajili ya kulipa mishahara ya walezi wa vituo vya watoto wadogo vijijini. Nasema mishahara ya walezi. Jengo tunaweza kulijenga wenyewe. Jengo halilei mtoto.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza hivyo.

Sisi wa Nachingwea hatuna haja ya kufundishwa kwamba fedha nyingi za serikali zaweza kupotea bure. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wake mkubwa wa karanga, Kongwa kwanza, kisha Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Yaliletwa matrekta, ikajengwa reli kutoka pwani, yakafyekwa mapori. Mwaka wa 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda na upepo. Hata reli yenyewe haikudumu; iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fedha hazikukosekana. Waliokosekana ni watu wa kuulizwa. Mkulima wa hapa, aliyeijua mvua yake na udongo wake, hakuulizwa.

Nakumbusha hayo si kwa ajili ya kuwacheka wakoloni, walikwisha kuondoka. Nakumbusha kwa sababu tabia ile ya kununua vyombo kwanza na kumfikiria mtu baadaye inaweza kukaa hata katika ofisi zetu wenyewe.

WAPIGANAJI WALILEA

Lakini ardhi hii yetu ina somo la pili, nalo ni la heshima. Baada ya karanga kushindwa, mahali pale pale Nachingwea palipata kazi nyingine. Hapa ndipo ndugu zetu wa FRELIMO walipopewa kambi, na hapa ndipo walipofunzwa wapiganaji walioikomboa Msumbiji. Mwaka wa 1967 walikuja wasichana wa kwanza kufunzwa silaha, na mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Mwaka wa 1969 FRELIMO ilimkabidhi Josina idara ya mambo ya jamii, na kazi yake moja kubwa ilikuwa kuanzisha vituo vya kulea watoto: yatima wa vita, na watoto wa wazazi waliokuwa mstari wa mbele. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa bado kijana sana, na hata leo siku hiyo ni Siku ya Wanawake wa Msumbiji.

Hebu lipimeni jambo hilo. Watu wale walikuwa vitani. Hawakuwa na kodi, hawakuwa na benki. Hata hivyo hawakusema, "Malezi yangoje mpaka tupate uhuru." Waliona kwamba mama hawezi kubeba bunduki na mtoto kwa wakati mmoja, na kwa hiyo wakaweka watu maalum wa kulea, wakaihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya vita. Sisi leo tuna amani, tuna halmashauri na tuna makusanyo. Je, tutasema hatuwezi walichoweza wakimbizi waliokaa katika ardhi yetu?

TULIKOTOKA SISI WENYEWE

Wala jambo hili si geni katika siasa yetu. Mwaka wa 1955 TANU ilipoanzisha sehemu yake ya wanawake chini ya Bibi Titi Mohamed, ilikubali kwamba nchi haiwezi kukombolewa na nusu ya watu wake. Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 lilisema bila kificho kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi saa 12, hata saa 14 kwa siku, na likawaonya wanaume wa vijijini juu ya uvivu wao. Ndugu zangu wanaume, maneno hayo hatuyapendi kuyasoma kwa sauti, lakini yamo.

Zamani zile za vijiji vya ujamaa, na huku kusini vilikuwa vingi sana, katika sehemu nyingi za nchi Umoja wa Wanawake na serikali za vijiji walifungua vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Mama akienda shamba la ushirika, alimwacha mtoto wake penye uji na mtu wa kumtazama. Mwaka wa 1981 Bunge likatunga sheria maalum ya vituo hivyo.

Kisha tukaingia katika miaka migumu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilitugharimu, mafuta yakapanda bei, na mwaka wa 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, matumizi ya huduma za jamii yakabanwa. Vituo vingi vikadhoofika au vikafungwa. Katika vijiji vingi kuta zilibaki zimesimama. Aliyeondoka ni mlezi. Alikuwa akitegemea mfuko wa kijiji. Mfuko ulipokauka akarudi shambani kwake, na hakuna anayeweza kumlaumu, kwani naye ana watoto wa kuwalisha.

Hilo ndilo somo la tatu, na ndilo linalotufikisha siku hizi zetu.

SERIKALI IMEFANYA NINI

Haki isemwe. Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka wa 2009 imeweka utaratibu wa kusajili na kukagua vituo vya kulelea watoto, ikachukua nafasi ya ile ya 1981. Tangu Januari 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada, pamoja na darasa la awali la mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Mwaka wa 2021 serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kupambana na madhara ya UVIKO-19, ilijenga madarasa 15,000, na kati ya hayo 3,000 yalikuwa ya vituo shikizi, yaani madarasa yaliyo karibu na makazi ya watu ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu. Mwezi Desemba mwaka ule ule ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka mitano kutoka 2021/22 mpaka 2025/26. Programu hiyo inamtazama mtoto tangu tumboni mpaka miaka minane, kwa mambo matano: afya, lishe, malezi, kujifunza, na ulinzi wake.

Hapa mkoani Lindi tulikuwa pia na mradi wa EQUIP-Tanzania uliolipiwa na Uingereza, uliofanya kazi katika mkoa huu na mingine kadhaa tangu 2014 hadi 2020. Katika mradi huo wanavijiji walichagua vijana wao wenyewe, wakafundishwa kidogo, wakawaandaa kwa majuma kadhaa watoto ambao hawakuwahi kuingia darasa la awali, kwa hadithi na michezo. Ilidhihirika kwamba kijana wa kijijini, akifundishwa na akisaidiwa, anaweza kazi hii. Lakini mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mtoto anazaliwa kila mwaka.

Sasa tazameni shimo liko wapi. Mtoto mchanga ana kliniki. Mama humpeleka kwa chanjo na kupimwa uzito. Mtoto wa miaka mitano ana darasa la awali. Lakini mtoto wa miaka miwili, mitatu na minne ana nini? Hana kitu. Amekwisha kuacha ziwa, hajafika shule, na ni mzito kubebwa mgongoni kutwa nzima. Umri huo ndio anaojifunza kusema, kuuliza na kuchangamana, na ndio umri ambao serikali yake haimwoni.

Mama aliyeajiriwa amefikiriwa kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka wa 2004 inampa siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku anaporudi kazini. Vizuri sana. Lakini mama wa Nachingwea anayelima ufuta ameajiriwa na nani? Nani wa kumpa siku 84? Yeye na mwenzake wa ofisini wote wanalijenga taifa, na ufuta wake ndio unaoleta fedha za kigeni. Nchi inayosema watu wote ni sawa haiwezi kuridhika na tofauti ya namna hii.

FEDHA ITOKE WAPI

Nafika kwenye swali ambalo ndugu zetu wa halmashauri hawatakosa kuliuliza. Fedha iko wapi?

Tufanye hesabu pamoja, hesabu ya sokoni tu. Kwa sheria, ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3. Tuseme kilo ya korosho imeuzwa shilingi 3,000. Ushuru wake ni shilingi 90. Sasa tuseme kituo kimoja cha kijiji kina walezi wawili, na kila mmoja analipwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima ni shilingi 3,600,000. Gawanyeni kwa 90: mtapata kilo 40,000, yaani tani 40. Ushuru wa tani 40 za korosho, kwa bei hiyo, unalipa walezi wawili kwa mwaka mzima. Kila mmoja wenu anajua chama chake cha msingi kinapeleka tani ngapi ghalani kwa msimu. Nendeni mkapige hesabu hiyo kwa vijiji vyenu.

Sisemi kwamba ushuru wote uende kwa watoto. Ziko zahanati, ziko barabara. Nasema mtoto naye awe na fungu lake. Korosho ile iliokotwa na mama yake, na mtoto alilipa sehemu yake kwa kushinda na njaa.

Tena Ruangwa sasa kuna madini ya kinywe. Sheria ya madini, kwa mabadiliko ya mwaka wa 2017, inamtaka mwenye leseni aweke kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu ya mpango huo. Kwa kawaida mipango kama hiyo huombwa majengo, kwa sababu jengo hupigwa picha. Nasi tuseme mezani: tunataka pia sehemu ya mpango huo iwe chakula na vifaa vya watoto kwa miaka kadhaa. Madini yatakwisha. Mtoto aliyekuzwa vizuri atabaki.

Kuna watakaosema, "Iko asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, akina mama wakope, wafungue vituo." Fungu hilo ni zuri, na mikopo yake ilirudishwa mwaka wa 2024 baada ya kusimamishwa mwaka wa 2023. Lakini mkopo hulipwa. Ili alipe mkopo, mlezi atawatoza wazazi. Akiwatoza, mama maskini atamwondoa mtoto wake, na watabaki watoto wa wenye nazo. Hapo tutakuwa tumejenga shule ya matajiri kwa fungu la wanyonge. Mkopo unafaa kwa cherehani na kuku. Malezi ya mtoto wa maskini si bidhaa ya dukani.

KUJITOLEA KUNA MPAKA

Ndugu zangu, sasa nataka kusema neno juu ya kujitolea, maana najua neno hilo litatajwa. Sisi ni watu wa kujitolea. Tulijenga shule kwa kujitolea, tulichimba visima kwa kujitolea. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kujitolea ni kuja Jumamosi na jembe, kufyatua matofali, kisha kurudi nyumbani. Kumwambia mama mmoja aje kila siku ya kazi, tangu alfajiri mpaka alasiri, mwezi kwa mwezi, alee watoto 30 wa wenzake huku shamba lake likiota majani, na mwisho wa mwezi tumpe ahsante: huko si kujitolea. Huko ni kumnyonya. Chama kilichozaliwa kwa ajili ya kupiga vita unyonyaji hakiwezi kuanza malezi ya watoto kwa kuwanyonya walezi wao.

Wenzetu wa India wametutangulia katika jambo hili. Mwaka wa 1975, nchi yao ikiwa maskini, walianza kufungua vituo vya watoto vijijini kwa fedha za serikali, navyo wakaviita anganwadi. Leo vituo hivyo vimeenea nchi nzima. Hilo latuonyesha kwamba si lazima kwanza nchi itajirike. Lakini walezi wao walihesabiwa kuwa wa kujitolea, wakapewa posho badala ya mshahara, na mpaka leo wanaandamana kudai haki yao. Tuige walipofaulu, walipokwama tusikwame nao.

MANENO YA WANAOPINGA

Wako wanaosema malezi ni kazi ya bibi. Mila zetu zina bibi. Nawaheshimu bibi zetu, na hakuna kituo kitakachowaondoa. Lakini semeni kweli. Bibi wa leo ana ekari zake mbili za mikorosho na wajukuu sita. Wengine wamelea watoto, wakalea wajukuu, sasa wanalea vitukuu. Mila yetu haikusema mzee afe akiwa na mtoto mgongoni. Mila yetu ilisema mtoto ni wa wote, na kituo cha kijiji ndicho hicho: mtoto kuwa wa wote, kwa mpango.

Wako wanaosema akina mama watakuwa wavivu. Hili sitalijibu kwa maneno. Anayelisema na aamke kesho saa kumi ya alfajiri, achote maji, apike, aende shamba na mtoto mgongoni, arudi na kuni kichwani. Akirudi jioni tutamsikiliza.

Wako wanaosema tungoje wafadhili. Wafadhili wakija tutawakaribisha, na walivyotusaidia hatukusahau. Lakini taifa linaloomba fedha ya kulisha mtoto wake wa miaka mitatu, na huku lina ushuru wa korosho, halijamaliza kujitawala.

KAZI YA KILA TAWI

Basi tufanye nini? Hotuba bila kazi ni kelele.

Kwanza, mabalozi wa mashina wahesabu. Kila balozi aandike watoto wangapi katika nyumba zake hawajafika miaka mitano, na wakati wa mavuno wanaachwa na nani. Tukienda halmashauri na malalamiko tutaambiwa tuna hasira. Tukienda na daftari watakaa na kusoma.

Pili, jambo hili lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria haupungui mmoja kwa kila miezi mitatu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na mipango hupangwa miezi mingi kabla yake. Anayeomba mwezi Mei ameomba ya mwaka mwingine. Maombi ya kijiji yaende kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na diwani ayabebe mpaka barazani. Diwani akituambia kwamba ameyasahau, tumkumbushe kwa kura.

Tatu, sisi wananchi tutoe vilivyo vyetu: kiwanja karibu na kisima, matofali, nguvu, na debe la mbaazi au unga kwa kila kaya baada ya mavuno kwa ajili ya uji na chakula cha watoto. Chama chetu kikuu cha ushirika, RUNALI, kinachobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kiombwe kulizungumza jambo hili na vyama vya msingi. Mkulima anayeokota bila wasiwasi wa mtoto huleta mzigo mwingi na safi. Hiyo ni faida ya ushirika wenyewe.

Nne, kituo kifuate saa za shamba. Kituo kinachofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa sita mchana kimepangwa na mtu wa ofisini. Mama wa korosho ameondoka kabla ya jua kuchomoza. Na watu wanaohamia mashambani kwa majuma mengi wakati wa mavuno, wakilala katika madungu, nao wafikiriwe: mlezi aweze kuwafuata, hata kama kituo chenyewe ni kivuli cha mwembe na uzio wa miti.

Tano, walezi wafundishwe. Kiko chuo cha Kisangara kule Mwanga kinachofundisha kazi hii, na hapa Nachingwea tuna chuo chetu cha ualimu. Halmashauri iombe walezi wetu wapatiwe mafunzo mafupi karibu na kwao. Na kila kituo kisajiliwe kwa afisa ustawi wa jamii, kikaguliwe. Mtoto wa maskini hastahili kituo kibovu ati kwa sababu ni cha bure.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, naona mbele yangu hatari moja, nayo nitaitaja kabla sijaketi. Hatari si kwamba tutakataliwa. Hatari ni kwamba tutakubaliwa nusu. Litajengwa jengo zuri, litapakwa rangi, utakatwa utepe, na ngoma zitapigwa. Kisha mlezi atafanya kazi miezi mitatu bila senti moja, mwezi wa nne hatakuja, na mwaka utakaofuata mbuzi watalala ndani. Sisi wa Nachingwea tumekwisha kuona mpango mkubwa ukibaki vyuma. Tusikubali kuona tena.

Kwa hiyo, siku watakapotuambia, "Tumewajengea," tujibu kwa adabu, "Ahsanteni sana, na mlezi analipwa kutoka kifungu gani?" Swali hilo na liulizwe katika kila kijiji, kutoka Naipanga mpaka Mnacho, bila ugomvi na bila kuchoka, mpaka lipate jibu lililoandikwa katika kitabu cha bajeti.

Wazee wetu walitupa nchi. Fedha ya kuijenga tunaichuma wenyewe, chini ya mikorosho yetu. Basi na wenye nchi ya kesho, ambao leo hawajui hata kuhesabu mpaka kumi, wapate fungu lao.

Uhuru na Kazi!